Mimba ya Baba Kifungo

Nilianza kumtilia shaka mume wangu kwa sababu ya komeo.

Mlango wa bafu letu una komeo dogo la shaba ambalo tangu tuhamie halikuwahi kusogezwa. Nani angelisogeza? Nyumba ni vyumba viwili, watu ni watatu, na huyo wa tatu ni mtoto anayejifunza kutembea, ambaye akikuta mlango umefungwa hulia mpaka majirani wanauliza nani kafariki. Baba yake alizoea kuoga mlango wazi, povu mpaka masikioni, huku akimwimbia. Halafu asubuhi moja nikasikia: kri.

"Baba Kifungo, kuna nini humo?"

"Naoga."

"Na siku zote ulikuwa unafanya nini?"

Maji yaliendelea kumwagika kama mvua ya nyumba ya jirani.

Mtoto tunamwita Kifungo. Mume wangu ni fundi makochi, na binti yetu alipozaliwa kitovu chake kilizama ndani kama vile vifungo anavyovishona kwenye migongo ya makochi, vinavyozama kwenye sponji mpaka kitambaa kinafanya kidimbwi. Wapo wanaosema jina lina mkosi, kifungo si jela? Mume wangu huwajibu kwamba ndiyo, amefungwa maisha, na hana mpango wa kukata rufaa. Nilikuwa naupenda sana utani huo. Baada ya komeo nikaanza kuusikiliza upya, kama mtu anayegonga ukuta kusikia kama ndani ni matofali au ni uwazi.

Siku chache baadaye akaniambia ana ngiri. Alisema alinyanyua kochi la watu watatu peke yake, akahisi kitu kimeachia kinenani, na daktari amesema apasuliwe. Ngiri ni ugonjwa wa mafundi, sikuona ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba hakutaka nimsindikize. Alisema nibaki na mtoto, atakwenda na Msumari, yule seremala anayemtengenezea fremu, rafiki yake tangu wakiwa wanafunzi wa ufundi. Wakaenda, wakarudi. Alishuka garini akitembea kama mtu aliyebeba yai mapajani.

Kidonda nilikiona. Kilikuwa mshono wa mshazari kwenye kinena, palepale alipopasuliwa baba yangu mdogo kwa ngiri yake. Kwa hiyo ngiri niliiamini. Nisichokiamini kilikuwa taulo. Nilipokuwa nabadilisha bandeji alishika taulo kwa mikono miwili chini ya mshono, vidole vimekakamaa, kana kwamba mimi ni mgeni niliyekosea chumba. Mimi, niliyemzalia mtoto.

Kidonda kikafunga. Taulo likabaki. Kitandani akawa anageukia ukutani. Nikimgusa bega anasema kidonda. Nikawaza: kidonda cha kinena hakimzuii mtu kucheka, na huyu kicheko kimekwenda wapi? Jioni ninapotoka darasani, kwenye ile shule ya watu wazima, zamani nilikuwa namkuta mlangoni na Kifungo begani wananisubiri. Sasa namkuta ameketi kwenye kigoda nje, simu sikioni, na akiniona anasema, "Basi, tutaongea," anakata.

Usemi wa wahenga ni kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Mimi maana niliijua, ila sikuijua ni ya nani.

*

Karakana yao ni banda refu lenye mlango upande mmoja tu. Ukiingia unakutana na fremu tupu za makochi, mbavu nje, kisha mafungu ya sponji yaliyosimama mpaka darini, na nyuma ya sponji ndiko wanakofanyia kazi. Sponji hula sauti. Mtu aliye nyuma yake hasikii hodi, na mtu aliye mbele husikia maneno nusunusu.

Mchana ule nilimpelekea chakula alichokisahau mezani. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema hodi niliposikia sauti ya Msumari.

"Lakini mimba si ilishatolewa?"

"Ilitolewa," akasema mume wangu. "Damu ndiyo inayosema bado ipo."

"Na daktari?"

"Anataka tuanze haraka. Mimi sijakubali."

Kukawa na mlio wa pini zikipigwa kwenye mbao, ta, ta, ta. Kisha Msumari akauliza, "Na shemeji?"

"Mama Kifungo asijue. Akijua ataondoka na mtoto."

Nilirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nikatoka juani. Bakuli la chakula lilikuwa la moto na mikono yangu ilikuwa ya baridi. Kisha nikaingia upya kwa kukohoa, nikapiga hodi ya mtu mwenye furaha.

Msumari alitokeza kichwa, akanikaribisha kwa bashasha iliyozidi kipimo, shemeji huyu, shemeji yule, leo umetuletea nini. Mume wangu alinitazama kama unavyomtazama mteja aliyekuja kuchukua kochi ambalo bado halijaanza. Nikaweka bakuli juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikamwambia ale kabla hakijapoa. Hayo tu. Njiani nilikuwa nahesabu maneno yao kama mtu anayechambua mchele. Mimba imetolewa. Mimba bado ipo. Mama Kifungo asijue. Sikupata njia ya kuyapanga yakawa na sura nzuri.

Nikaenda kwa wifi yangu. Dada wa mume wangu ni msusi, ana kibanda chenye kioo kilichopasuka pembeni na viti viwili, na ndiye anayebaki na Kifungo ninapokwenda darasani. Siku zote amekuwa wakili wa kaka yake. Ukimsema kwake, atakuuliza kama ulitaka kuolewa na malaika. Nilikaa chini kati ya magoti yake, akaanza kunifumua nywele, nami nikamwambia nilichosikia, nusu tu, kama sponji ilivyonipa.

Kitana kikasimama kichwani mwangu.

"Wifi," akasema, "sikutaka kusema."

Nilijua hapo kwamba kuna jambo. Alisema alikwenda hospitali kubwa kumwona rafiki yake aliyejifungua, na kwenye geti la kliniki ya wajawazito akamkuta kaka yake anatoka, amekunja mkono mmoja hivi, kama aliyebana kitu kwapani. Akamuuliza anafanya nini kule. Kaka yake akamjibu amekwenda kupima makochi ya chumba cha kusubiria.

"Hospitali gani ina makochi, wifi? Pale pana mabenchi ya mbao. Mimi mwenyewe nimekalia, msumari ukanichania sketi."

Hatukucheka. Aliendelea kunifumua taratibu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu hafumaniwi kwa masikio, anafumaniwa kwa macho. Nimfuate. Nisipige kelele, nisitukane, nione kwanza. "Ni damu yangu," akasema, "lakini nikikuta ni kweli, nitamnyoa kichwa kwa mkono wangu, mchana, watu wakiona."

Nyumbani nikatoa begi la bluu juu ya kabati. Nikaweka nguo za Kifungo, madaftari yangu, na kitenge nilichotolewa nacho kwetu. Nililisukuma nyuma ya mlango wa chumba. Nilishaamua: nikimwona huyo mwanamke, nikiliona hilo tumbo kwa macho yangu, silali tena humu ndani. Nitakwenda kwa mama yangu na mtoto wangu. Lakini mpaka nione. Nyumba haivunjwi kwa uvumi.

*

Alhamisi asubuhi mume wangu alivaa shati la kutokea, akasema anakwenda kupima kochi la mteja. Akaaga, akambusu Kifungo utosini, akatoka. Tepu yake ya kupimia ilibaki mezani, imejikunja kama konokono.

Nikambeba mtoto mgongoni, nikamfuata.

Sikuwa na haja ya kujificha sana, kwa sababu hakugeuka nyuma hata mara moja. Alitembea kichwa chini, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Akaingia hospitali kubwa. Akakata kulia, akalipita geti lenye picha ya mama na mtoto, akapotelea kwenye ukumbi.

Ukumbi ulijaa wajawazito. Walikaa kwenye mabenchi yale ya wifi, wengine wamevua viatu, wengine wanajipepea kwa kanga. Nikaketi mwisho wa benchi moja, nikaanza kukagua matumbo. Yule mwenye gauni la njano amesuka vizuri mno kwa mtu anayeumwa. Yule mwembamba anaangalia sana mlangoni. Imetolewa lakini bado ipo, hiyo itakuwa ya miezi mingapi? Mama mmoja mnene aliyekaa jirani yangu aliniuliza kama nasubiri wa pili.

"Huyu ndiye wa kwanza, na sina mwingine."

"Sasa umefuata nini huku?"

"Nimemfuata mume wangu."

Alinitazama, akanielewa papo hapo, akasogea. "Kaa hapa, mdogo wangu," akasema. "Hapa mlango unaonekana vizuri zaidi."

Mlango aliouonyesha uliandikwa maabara. Ukafunguka, akatoka mume wangu, peke yake, amekunja mkono, kipande cha pamba kimebanwa kwenye kiwiko. Kabla sijajipanga, Kifungo akamwona. "Baba," akaita, kwa ile sauti yake inayopasua vikombe.

Akasimama. Nami nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakakimbia, yakabaki mawili.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwenye mimba."

Kanga zilizokuwa zinapepea zikasimama hewani. Mume wangu aliangalia wanawake wale wote, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta shahidi, kisha akaniangalia mimi.

"Mwenye mimba ni mimi," akasema.

"Haya sasa," akasema yule mama mnene. "Nimesikia mengi katika ndoa, hili sijalisikia."

Mume wangu hakucheka. Alinishika mkono, akanivuta mpaka ukutani penye bomba la kunawia, akafungua maji ili watu wasisikie. Hapo ndipo aliponieleza. Haikuwa ngiri. Alipokuwa anaoga alishika kitu kama kijiwe kwenye korodani, hakikuuma, na kwa kuwa hakikuuma alikiacha, mpaka kikawa kizito. Daktari aliitoa korodani yote, na huitoa kwa kupasulia kinenani; ndiyo maana mshono ulikuwa mahali pa ngiri. Uvimbe ule ulikuwa unatoa ndani ya damu yake homoni ileile ya mwanamke mjamzito, na homoni hiyo pale hospitalini hupimwa kwenye maabara moja, ya wajawazito. Msumari alipoambiwa alimpa mkono, akasema hongera, kumbe una mimba. Walicheka mpaka wakalia. Tangu siku hiyo ugonjwa haukuwa na jina lingine kati yao. Lile jina lake lenyewe, saratani, hakuna aliyeweza kulitoa mdomoni.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sikumwamini.

Mtu aliyefumaniwa huwa na akili ya ziada, wote tunajua. Nikamwambia twende kwa huyo daktari, kama yupo. Akasema hapana, leo ametoa damu tu, anarudi nyumbani. Nikasema, unaona? Akasema haendi kwa daktari kwa sababu daktari anataka kumwekea dawa za dripu, kemo, na yeye ameshaamua kutoziweka.

"Tangu lini umeamua?"

"Tangu nilipoliona begi."

Maji yalikuwa bado yanamwagika. Alisema alilikuta nyuma ya mlango alipokuwa anatafuta viatu. Akajua Msumari amevujisha. Akajua nimekwisha kusikia kwamba mume wangu si mzima, na ninafungasha. "Nikasema, kama anaondoka wakati bado nina nywele, zikidondoka je? Nikiwekewa dripu mtaa mzima utajua. Afadhali nikae hivihivi, pengine utabadili nia."

Nilimtazama usoni. Uongo huwa na mahali unapojificha, kwenye kope, kwenye pembe ya mdomo, nilitafuta pote. Nikakuta woga tu, ule wa Kifungo akiachwa sakafuni.

"Begi lilikuwa kwa ajili ya yule mwanamke mwenye mimba," nikasema.

"Mwanamke gani?"

"Wewe."

Nikafunga bomba. Nikamshika kwa ule mkono uliotobolewa, nikamwambia anionyeshe mlango wa daktari, na akijifanya haujui nitauliza benchi zima.

*

Daktari alikuwa mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipomwona mume wangu alisema, "Umejileta au umeletwa?" Mume wangu akasema ameletwa. Daktari akanipa mkono mimi kwanza.

Nilimtilia shaka naye. Anayezungumza taratibu namna ile huwa anafunika jambo. Nikamhoji kama askari. Ugonjwa uko wapi sasa? Akasema uvimbe umetolewa lakini namba ya homoni ilitakiwa ishuke na haijashuka, na skani imeonyesha tezi zilizovimba nyuma ya tumbo. Mapafu ni safi, ini ni safi. Je, atapona? Alivua miwani.

"Katika saratani zote ninazotibu, hii ni mojawapo ya zile zinazoitii dawa. Hata ikiwa imeshasogea kama hii yake, zaidi ya watu tisa katika kumi wanapona kabisa. Wakianza mapema, na wakimaliza."

"Na yule wa kumi?"

"Wengine ugonjwa wao ni mkali tangu mwanzo," akasema. "Lakini niliowapoteza mimi, wengi walikuja wamechelewa, au walijiona wamepona wakaacha katikati."

Alisema hivyo akimwangalia yeye. Nami nikalishika neno lile, katikati, nikalifunga kwenye pindo la kanga.

Tuliuliza na yale ambayo hayaulizwi mbele ya wakwe. Daktari akasema korodani moja inatosha kwa ndevu, kwa sauti, kwa kitanda na kwa watoto, ila dawa zinaweza kupunguza mbegu, mara nyingi kwa muda, na kwa wachache moja kwa moja. Iko hospitali nyingine inayoweza kuzihifadhi kwenye baridi kali kabla ya kuanza. Mume wangu alikuwa anaangalia sakafu. Mimi nikauliza kama zitaandikwa jina, zisije zikapewa mtu mwingine. Daktari alicheka mpaka akapangusa macho. Mume wangu pia alicheka, kidogo, na nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu siku ya komeo. Tukaenda tukahifadhi. Mpaka leo nakumbuka sura ya yule mhudumu na namna nilivyomtaka aisome lebo mara mbili.

Nyumbani nililifungua begi nikarudisha nguo kabatini mbele yake, moja moja, polepole, ili aone.

*

Wifi alitimiza nadhiri yake. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, alimkalisha kakaye kwenye kiti cha kibandani, mchana, watu wakiona, akamnyoa kwa mkono wake. Alikuwa anamtukana tangu kwenye paji mpaka kisogoni, mjinga wewe, unamficha dada yako, unakwenda kupima makochi hospitali, na machozi yanamdondokea juu ya upara. Msumari alijileta naye akanyolewa. Alitokeza kichwa chenye makovu ya utotoni ambacho kwa kweli bora kingebaki na nywele zake.

Dawa zilikuwa kali. Alilazwa siku kadhaa kwa kila awamu, kisha alirudi nyumbani, na kati ya awamu moja na nyingine alitakiwa kwenda mara moja kwa wiki kuchomwa sindano moja tu na kurejea. Alitapika hata maji. Alisema masikioni kuna nzi. Vidole vikafa ganzi: siku moja aliposhona mgongo wa kochi ile sindano ndefu ilimwingia kwenye kidole gumba, naye hakujua mpaka damu ilipoonekana kwenye kitambaa cheupe.

Kitanda cha jirani wodini alilala dereva wa lori, kijana mwenye maneno, ugonjwa uleule. Baada ya awamu ya kwanza dereva alinenepa, uvimbe wake wa tumbo ukanywea, akasema hizi dawa zinaua kuliko ugonjwa, mimi nimepona, nina safari. Akavaa viatu akaondoka. Nilimwona mume wangu anavyoviangalia vile viatu vikitoka mlangoni. Viliondoka na akili yake.

Kwa hiyo nikaendelea kuwa na shaka. Awamu ya pili ilipokwisha alianza kusema anajisikia mzima, tena kila mara, bila kuulizwa. Siku ya sindano alivaa, akaaga, akaenda. Alikataa nimsindikize, alisema mtoto ana mafua. Akarudi mapema, mchangamfu, akamrusha Kifungo juu. Nilipompokea shati nikalinusa.

"Umechomwa?"

"Nimechomwa."

"Hospitali siku hizi wanachoma kwa gundi?"

Akabaki ameshika mtoto hewani. Mtu anayetoka hospitali ananuka spiriti, hanuki gundi, wala hana vumbi la sponji kwenye mikunjo ya shingo. Nilikuwa nimemfumania kweli safari hii, na kochi. Alianza kujitetea: kochi la mteja limechelewa, sindano moja ni kitu gani, daktari mwenyewe amesema namba inashuka vizuri. Nikamuuliza kama anakumbuka neno alilosema daktari kuhusu waliokufa.

Akamshusha mtoto kifuani.

"Liseme."

"Katikati," akasema.

"Na sisi tuko wapi sasa?"

Alimweka Kifungo chini, akavaa viatu. Tukaenda wote watatu, mafua na yote, tukafika kabla chumba cha sindano hakijafungwa. Njiani alinung'unika kwamba namlinda kama mtu mwenye mke mwingine. Nikamwambia mke mwingine angekuwa na nafuu, ningekwisha kumrudisha kwao.

Pale ukumbini tulipishana na dereva wa lori. Alikuwa anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda mashavu, tumbo limerudi. Alimpungia mume wangu mkono kwa aibu, kama mtu aliyekutwa anarudi shuleni baada ya kutoroka. Daktari alimwanzishia dawa upya, nyingine, kali zaidi. Tulimwacha anapambana, na mpaka tunamaliza hatukusikia la kufurahisha wala la kuhuzunisha. Ninamwombea. Tangu siku ile sikuhitaji tena kunusa mashati, ingawa niliendelea.

Awamu ya mwisho ikapita. Tukangoja, kisha tukaenda kutoa damu. Tulikaa kwenye benchi lilelile, Kifungo sasa anatembea, anakwenda kushika matumbo ya watu moja moja kama mkaguzi. Mume wangu alikuwa ameanza kuota nywele laini, za mtoto. Nilimshika mkono na ulikuwa na jasho. Hakuna mzaha aliokuwa nao, na mimi pia sikuwa nao.

Dirisha la maabara likafunguka. Mpimaji alikuwa anatufahamu, alitoa kichwa, akatabasamu, akasema, "Baba Kifungo, imeshuka yote. Hakuna kitu tena humo."

Mume wangu aliinamisha kichwa mpaka magotini, mabega yakitikisika. Binti mmoja mjamzito aliyekaa karibu yetu, mgeni wa pale, aliyasikia yale maneno yote akayapanga kwa namna yake. Akamgusa mume wangu mgongoni.

"Pole sana kaka," akasema kwa huruma ya kweli. "Mungu atawapa mwingine."

Mume wangu akanyanyua uso wenye machozi, akamjibu, "Ahsante dada. Tumekwisha kumhifadhi."

Daktari alitueleza kwamba tezi zimenywea na zinabaki kuangaliwa, kwamba tutakuwa tunarudi kwa miaka, mwanzoni mara kwa mara, baadaye kwa nafasi, na kwamba kila mwezi, anapooga, ajikague mwenyewe ile iliyobaki. Vidole vyake vimeanza kurudi, si vyote. Sindano ndefu anaishika kwa macho zaidi kuliko kwa mkono, na vifungo vyake bado vinazama sawasawa.

Komeo la bafu limeota kutu ya kijani. Asubuhi anaoga mlango wazi, anamwimbia mwanawe, povu mpaka masikioni, nami niko jikoni nasikiliza.

"Umejikagua?"

"Nimejikagua. Safi."

Nafuta mikono, naenda mlangoni.

"Sogea nikague mwenyewe," namwambia. "Siwezi kuliamini neno la mtu aliyewahi kuwa na mimba."